Dume Moja au za Kawaida Mbili

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu kichwa ngumu,

Salamu tulishapeana kwenye simu, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja. Mama ametoa amri na amri ya mama haina rufaa: simu ni ya kujuliana hali, mabishano ya mashine yaende kwa barua. Anasema juzi tulivyokuwa tunapigizana kelele, mgeni wake aliaga chai ikiwa bado ya moto, akidhani nyumba ina msiba. Basi barua zetu zitasafiri ndani ya kifurushi cha basi, pamoja na diski ya kazi ya wiki. Intaneti ya huku ukiitegemea ipeleke katuni nzima, kuku wetu atafika ameshazeeka.

Kwanza pole kwa mashine yetu kuukuu. Imetufaa miaka mingi, na kama kweli ilitoa moshi wenye harufu ya kiatu kilichoungua, basi imekufa kishujaa. Lakini kazi haisubiri. Watu wa televisheni ya watoto wanaitaka katuni yote kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa, na Mwalimu Mkuu wetu ana manyoya mengi kuliko kuku yeyote aliyewahi kuishi. Shemeji yako aliniuliza jana kwa nini kila siku tunasema tunampika kuku na hatumli. Nikamweleza: mimi namchora na kumtembeza, mdogo wangu anamwekea taa, halafu kompyuta inakaa inapiga hesabu ya kila unyoya mpaka itoe picha moja safi, kisha inaanza inayofuata, na sekunde moja tu inakula picha ishirini na nne. Huko ndiko kupika. Akasema heri angeoa mshonaji.

Akiba yetu inatosha kitu kimoja kati ya viwili. Tununue Dume, ile mashine yenye prosesa kubwa ya kazi nzito, moja tu. Au tununue mbili zenye prosesa za kawaida, moja yako hapo, moja yangu huku. Mimi nasema Dume. Likae kwenye chumba cha baba, juu ya meza yake ya kukatia nguo, pale pale tulipoanzia. Nilisema nakuja huku mwaka mmoja, mkataba wa shemeji yako ukiisha narudi kwenye kiti changu, na neno langu halijabadilika. Mashine mbili ni za watu waliogawana mali. Sisi hatujagawana.

Kwenye diski kuna Mwalimu Mkuu akipanda ngazi za darasani kwenda kupiga kengele. Nimehangaika naye. Kioo changu kirefu kimebaki nyuma ya mlango wako, na unajua simtembezi kuku hatua moja kabla sijaitembea mwenyewe mbele ya kioo. Sasa natumia cha kabati, kinachonionyesha kuanzia shingoni hadi magotini. Miguu imebidi niikisie.

Nenda kwa Bwana Dhamana ukaulize. Usikubali akuuzie kitu kingine.

Dada yako, mkubwa kwa umri na kwa akili


Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mkubwa kwa umri,

Hilo la akili tuliweke kando tusije tukavunja amri ya mama.

Nimekwenda dukani kwa Bwana Dhamana. Hajabadilika hata kidogo. Kila sentensi lazima dhamana iingie. Nilipiga chafya kwa sababu ya vumbi, akaniambia feni zake zote zina dhamana.

Nilimwomba anieleze taratibu, naye akafurahi, akavuta kiti. Prosesa ya kawaida aliyonayo ina viini kumi na sita. Kila kiini kichukulie kuwa ni kibarua mmoja, na hao vibarua ni wepesi, wanakimbia. Dume lina viini sitini na vinne, ila kila kimoja kinatembea pole kidogo. Kwenye kupika, wingi wa watu ndio mpango mzima, Dume halina mpinzani. Lakini kwenye kuchora na kumtembeza kuku, kazi inamwangukia kibarua mmoja au wawili. Wale wengine wote wamekaa wanapiga soga, na hapo mashine ya kawaida inalizidi Dume mbio. Yaani kwa kazi yako wewe, Dume ni hasara tupu. Kwa kazi yangu ni neema.

Halafu kuna memori. Ya kawaida inachomekwa vipande vinne, Dume vinane. Lile tukio la gwaride, kuku wote wa shule uwanjani kwa mpigo, Bwana Dhamana anasema mashine ya kawaida litaikaba koo.

Kwa hiyo niko upande wako. Dume. Na nikwambie ukweli, sababu yangu kubwa si manyoya. Dume ni moja, na kiti cha kuchorea kiko hapa, kwenye meza ya baba. Ukisema Dume, unasema unarudi. Mama ananiuliza kila asubuhi kama kweli utarudi, na mimi namjibu kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie.

Nimeazima kimashine cha rafiki yangu mpiga picha za harusi. Kinapika polepole mpaka huruma, lakini kinapika. Picha za mwanzo ziko kwenye diski.

Mdogo wako

Tanbihi. Mimi mama yenu naongeza kwa mkono wangu. Mashine yoyote mtakayonunua isiguse soketi ya pasi. Nimemaliza.


Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani wa chini akagonga dari. Au labda aligonga kwa sababu ya kutembea kwangu mbele ya kioo, maskini, anadhani nimefungua shule ya gwaride. Shemeji yako ameihamishia meza yangu karibu na dirisha na kunikataza kupanda ngazi za kwenda kuanika nguo. Mgongo unanisumbua kidogo, nadhani ni hiki kiti. Hakuna kiti kama changu.

Picha zako ni nzuri. Nakusifu mara moja kwa mwaka na ya mwaka huu ndiyo hii. Ila nina swali. Kwa nini kila tukio la jioni umewasha taa mlangoni? Darasani, jikoni kwa mpishi, hata kwenye banda la mlinzi ambalo halina mlango wa maana. Nimeisoma upya hadithi yetu, hakuna kuku yeyote anayengojwa. Hiyo taa inamngoja nani?

Kuhusu mashine, nimeshasema. Usinipe habari za vibarua wanaopiga soga. Mimi nikikalia Dume nitachora polepole na nitafurahi. Likiwa hapo, chumba cha baba kitabaki kuwa karakana yetu, si chumba chako chenye kumbukumbu zangu. Ninarudi. Andika ukutani. Na kiti changu asikikalie mtu.

Nimekuongezea matembezi matatu ya Mwalimu Mkuu kwenye diski. Yapike.

Dada yako


Ijumaa, 28 Machi

Dada,

Kaa chini kwanza. Dume limelala nyumbani kwetu siku tatu!

Bwana Dhamana alikubali kutuazima kwa majaribio, mradi tusiguse stika yake ya dhamana. Tulilibeba watu watatu kama kabati. Paka wa mama alilikagua, akaona pale nyuma linapotolea joto, akajilaza, na hadi linarudishwa dukani hakuhama. Nikafungua lile tukio la gwaride. Kimashine cha kuazima kililifungua, kikakodoa macho, kikazimika. Dume lilimeza kuku wote kwa mpigo, likaanza kutoa picha moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama pembeni nimeshika kiuno kama baba wa bibi harusi.

Hapo ndipo mama alipochomeka pasi.

Swichi kuu ya umeme iliruka, nyumba nzima giza, na jirani naye giza, sijui kwa nini. Mama akatoka na gauni lake lililokunjamana mkononi akasema, "Hili lidude na pasi yangu, mmoja anahama." Ilibidi tuite fundi umeme. Ni binti mmoja makini sana, amesema nyaya zetu ni za tangu baba anashona sare za shule, na Dume litahitaji laini yake peke yake. Atarudi kupima.

Hayo yote madogo. Jumatatu namwambia Bwana Dhamana afunge mzigo. Dume ni letu! Nimeshapima na meza ya baba, linaenea, na kiti chako kinabaki na nafasi. Nimefurahi, dada, siwezi kukuficha.

Taa ya mlangoni ni kwa ajili ya kuleta mizani kwenye picha. Mambo ya kitaalamu, huwezi kuelewa. Sasa naanza kuyapika yale matembezi yako kwenye kile kimashine.

Mdogo wako mwenye Dume


Jumatano, 2 Aprili

Dada yangu,

Usishtuke. Jumatatu sikwenda dukani. Nimefikiri upya, na naona tununue zile za kawaida mbili.

Sababu ni nyingi. Kwanza, pasi ya mama. Pili, paka atapoteza tabia ya kushika panya. Feni za Dume zina kelele, umeme linaunywa kama maji, na chumba cha baba kitakuwa cha moto. Gwaride nimeshalipatia dawa: tutawapika kuku kikundi kimoja kimoja, halafu tunawapanga picha juu ya picha, hakuna mashine itakayokabwa. Na wewe huko unahitaji mashine ya kwako. Hiyo kompyuta mpakato yako inakohoa, nimeisikia kwenye simu.

Kwa hiyo kaa huko ufanye kazi kwa raha zako. Hakuna haraka ya kurudi. Na diski usizipeleke stendi mwenyewe, mtume shemeji. Hata kama ni nyepesi. Kaa, inua miguu.

Mdogo wako


Jumanne, 8 Aprili

Wewe,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kuwa ni utani.

Hakuna haraka ya kurudi? Wiki iliyopita ulikuwa baba wa bibi harusi, wiki hii unaniletea habari za paka! Tangu lini paka ana kura kwenye karakana hii? Na huo moto wa chumbani unauogopa tangu lini, wewe uliyekuwa ukilala na sweta mwaka mzima?

Usinizunguke. Mama aliniambia jana kwenye simu, bila kujua anachosema, kuwa kuna binti amekuja mara mbili na amekaa kwenye kiti changu. Kwenye kiti changu! Ndiyo sababu dada akae huko ainue miguu. Kama umepata mchoraji mwingine, niambie usoni, nitaumia nitapoa. Lakini usinifukuze kwa upole, kwa jina la pasi.

Mimi nimekuwa nikililia Dume kwa sababu yako. Kwangu mimi hata ile ya kawaida ni nyingi, mimi ni wa kibarua mmoja, wewe mwenyewe umesema. Nimelia jikoni. Shemeji yako alidhani ni vitunguu, na hatukuwa na kitunguu hata kimoja.

Diski nimeipeleka stendi mwenyewe.

Dada yako, kama bado


Jumapili, 13 Aprili

Dada yangu kipenzi,

Binti ni yule fundi umeme. Amekikalia kiti chako kwa sababu soketi mbovu iko chini ya meza yako, na hata hivyo nilimwomba akae kwenye ndoo, akaniangalia kama mwendawazimu. Hajui kuchora hata yai.

Sasa nikwambie ukweli, maana nimeona kujitia hamnazo kumekuumiza zaidi.

Kile kimashine cha kuazima kinapika picha moja mpaka unaoga, unakula, unarudi, bado. Kwa hiyo kila picha ya Mwalimu Mkuu nimekaa nayo uso kwa uso. Nikamwona anapanda ngazi. Kwenye hadithi anakimbilia kengele, lakini bawa moja ameliweka kiunoni kwa nyuma. Mabega yameegemea nyuma, tumbo limetangulia mbele. Ngazi ya tatu anasimama kuvuta pumzi. Nikasema dada amechoka siku hiyo. Nikafungua matembezi mengine, yale matatu: vilevile, na kila moja tumbo limetangulia zaidi. Nikayaweka pembeni ya yale uliyoyatengeneza ukiwa hapa, Mwalimu Mkuu yule wa kifua mbele na filimbi mdomoni. Si kuku mmoja.

Hakuna kuku anayetembea hivyo, dada. Anayetembea hivyo ni mtu aliyekuwa mbele ya kioo kinachoonyesha kuanzia shingoni hadi magotini. Kuku wetu ni mjamzito, na kuku hutaga mayai.

Sikukuuliza kwa sababu hukusema. Naikumbuka mara ile. Nakumbuka nilivyokuja hospitali na yale maua ya kijinga, nisijue niyaweke wapi. Nikajua una sababu yako ya kunyamaza. Nikajua pia kuwa hurudi mwaka huu, na unalililia Dume ili mimi nisione nimeachwa. Ndiyo maana nikageuka. Nilitaka uwe na mashine yako hapo ulipo bila kulazimika kunieleza chochote. Nilijiona mjanja sana na paka wangu.

Mama hajui. Ile diski nimeificha ndani ya kiatu.

Na taa ya mlangoni, nilikudanganya. Mlango ukiwa giza naona kama umekwenda moja kwa moja. Ndiyo hivyo, nimesema.

Mdogo wako


Jumamosi, 19 Aprili

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimekwenda kwenye kabati nikatembea mbele ya kioo kama ninavyofanya siku zote, na safari hii nikajiangalia mimi badala ya kumwangalia kuku. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, na nikiwa sakafuni nikalia, halafu nikashindwa kuinuka, ikabidi shemeji yako aje. Miezi yote hii nimevaa magauni mapana hata kwenda dukani, na kumbe nimekutumia siri yangu kwa basi, ina manyoya na filimbi.

Ni kweli. Daktari anasema Julai, na anasema kila kitu kiko sawa. Mara ile nilimwambia kila mtu, na baadaye ikabidi nimwambie kila mtu tena, kwamba hakuna mtoto. Sitaki kupita njia ile. Nikaona nikikaa kimya, hata ukiniuliza, basi hakuna kitakachoharibika. Ni ujinga, najua. Nimeogopa hata kuliandika hilo neno, na wewe umeliandika kwa habari ya mayai.

Na kuna jingine. Mkataba wa shemeji yako umeongezwa miaka miwili. Karatasi ilikuja Februari, kabla mashine haijatoa moshi. Nilikuandikia "narudi, andika ukutani" nikijua. Nilitaka Dume kwa sababu mtu hanunui lidude kama lile aliweke kwenye nyumba ambayo mwenzake harudi. Nilidhani likishanunuliwa, kurudi kwangu kutakuwa kweli. Nisamehe. Nakikumbuka kiti changu, nakikumbuka chumba cha baba, na zaidi ya vyote nakukumbuka wewe ukilalamika nyuma ya mgongo wangu.

Nunua mbili. Za kawaida. Moja nitumie.

Matembezi ya Mwalimu Mkuu usiyaguse. Nimezungumza na watu wa televisheni, nikawaambia tukio la mwisho tunalibadilisha kidogo: analalia yai, na anarudi nyumbani na kifaranga. Wamefurahi, wanadhani tulipanga tangu mwanzo.

Mama nitamwambia mwenyewe, Jumapili, kwa simu. Si simu ni ya kujuliana hali?

Dada yako, bado


Jumatano, 30 Aprili

Dada,

Ulipompigia mama, nilikuwa kwenye duka la kona na nilimsikia kutoka huko. Muuza duka aliuliza kama ni msiba. Nikasema hapana, ni furaha ya mama. Tangu siku ile ameirudisha cherehani ya baba mezani, juu ya kona yako, anashona vinguo vidogo mpaka najiuliza kama daktari alisema mtoto mmoja au gwaride.

Mashine yako inafuata kwa basi la kesho. Mwambie shemeji aende na mtu wa kumsaidia. Bwana Dhamana alisikitika Dume kubaki dukani, kisha akapiga hesabu akagundua kuwa mashine mbili ni dhamana mbili, akachangamka.

Siku niliyokuwa nafunga sanduku lako moyo uliniuma, sitakuficha. Nilisema ndiyo basi, tumegawana. Kisha nikakaa kuupanga upishi. Picha haijali imepikwa nyumba gani, mradi namba zifuatane. Kwa hiyo nimepanga hivi: picha zenye namba witiri unapika wewe, za shufwa napika mimi, kisha tunazichanganya. Moja yako, ya pili yangu, ya tatu yako, hadi mwisho. Mwalimu Mkuu atanyanyua mguu kwako na kuutua kwangu. Kwenye katuni nzima hakuna sekunde hata moja itakayopikwa upande mmoja. Nilipoona hivyo nilienda kukalia kiti chako, mara moja tu, nikajisikia vizuri.

Ile taa ya mlangoni nimeizima kwenye matukio yote, hata lile la mwisho. Sitaki uione ukadhani nakudai kurudi. Umeolewa, una kwako, utapata mtoto. Mlango unaweza kukaa bila taa.

Fundi umeme amekuja tena kukagua swichi ambayo haina tatizo lolote. Mama amemkaribisha chakula. Sina la kuongeza hapo.

Mdogo wako


Jumapili, 3 Agosti

Mjomba,

Ndiyo, wewe. Zoea.

Ni msichana. Yuko hapa mkono wa kushoto na mimi naandika kwa wa kulia, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. Ana sauti ya mama na nywele kama manyoya ya Mwalimu Mkuu yanavyokuwa upepo ukivuma. Jina bado, shemeji yako na mama wanabishana kwa simu kila siku, na hakuna anayewaambia waandikiane barua. Kwa sasa tunamwita Kifaranga.

Kazi haikulala. Mashine imepika huku mimi najifungua, na niliporudi kutoka hospitali nilikuta picha zangu zote zimekamilika zikinisubiri, isipokuwa tukio la mwisho, ambalo nimelisimamia mwenyewe. Jioni, Mwalimu Mkuu anafika nyumbani, kifaranga nyuma yake, mlango mbele yao. Ukauweka giza.

Nimekaa nikauangalia ule mlango muda mrefu, huyu mtu mdogo akininyonya. Kisha nimefanya jambo bila ruhusa yako. Nimewasha taa. Kwenye picha zangu zote za tukio lile, za witiri zote, taa ya mlangoni inawaka, na nimeshazipika, siwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo na wewe washa kwenye zako. Usipowasha, itawaka kwangu na kuzimika kwako, watoto wote watadhani nyumba ya Mwalimu Mkuu ina nyaya za baba.

Daktari ameturuhusu kusafiri mwisho wa mwezi. Hatuji kuhamia, nakwambia wazi, tunakuja wiki mbili na tutarudi. Tutapanda lile lile basi la vifurushi, litafika jioni. Mwambie mama aache pasi. Mwambie fundi umeme na yeye awepo, nataka kumwona huyo aliyekikalia kiti changu.

Na hiyo taa, mjomba, usiizime mpaka tumeingia ndani.

Dada yako